Shajara ya mradi: Uso wa aliyekunywa mafuta ya mbarika, na nahau nyingine za Kimarathi

14 Juni 2025: Lengo

Mradi huu ni wa kujifunza nahau za Kimarathi zinazohusu uso na hisia, mpaka niweze kuzitumia nyumbani na mtaani bila kubabaisha. Ninaishi Pune, jimbo la Maharashtra, kwa masomo. Wanafunzi wa Afrika Mashariki tuko wengi mjini humu, na aghalabu mtu humaliza shahada yake kwa Kiingereza cha darasani na Kihindi cha sokoni, Kimarathi akakiacha kwenye mabango ya mabasi. Ni hasara kubwa. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 83 ambao hiyo ndiyo lugha yao ya kwanza. Ndiyo lugha ya jikoni, ya ugomvi wa ndugu na ya kubembeleza watoto katika nyumba ninayopanga.

Nimechagua uso kwa sababu ya Kaku. Kaku ni jina la heshima la mke wa baba mdogo, na wapangaji sote humwita hivyo mwenye nyumba wetu. Kila jioni akirudi sokoni husimulia watu kwa nyuso zao: nani alikunja nini, nani alipinda wapi. Naambulia nusu ya maneno, na utamu wote unanipita.

Nahau kwa Kimarathi ni vakprachar (वाक्प्रचार). Ya kwanza katika orodha yangu ni ile anayoipenda Kaku kuliko zote: एरंडेल प्यायल्यासारखा चेहरा, erandel pyaylyasarkha chehra, yaani uso wa kama aliyekunywa mafuta ya mbarika. Kipimo cha kuijua ni hiki: niitumie kwa mtu halisi, kwa wakati wake, na mazungumzo yaendelee kwa Kimarathi bila mtu kunigeuzia Kihindi.

Kusoma Devanagari, herufi za kuandikia Kimarathi, nilikwishajua kabla ya kuanza. Asiyezijua azimalize kwanza; sababu ataiona kwenye maandishi ya Agosti.

2 Julai: Vitabu, na kadi zilizoshindwa

Vitabu si tatizo Pune. Balbharati, taasisi ya serikali ya jimbo inayotunga vitabu vya shule, huviweka mtandaoni bure, na vitabu vingi vya lugha vina mahali pa vakprachar pamoja na maana zake. Mimi napenda karatasi, kwa hiyo nilikwenda Appa Balwant Chowk, soko la vitabu la mji, nikapata vitatu vilivyotumika kwa rupia 140. Kamusi kubwa ya Molesworth, toleo la 1857, imewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Chicago. Ni ya zamani, lakini kwa nahau za mwilini bado ina hazina.

Nilinunua kadi tupu kwa rupia 90. Upande mmoja nikachora uso, upande wa pili nikaandika nahau. Njia hii imekufa, na inafaa nieleze kwa nini, maana ndiyo ambayo kila mtu huianza.

Chukua tatu hizi. Nak muradne (नाक मुरडणे) ni kupinda pua. Tond vakde karne (तोंड वाकडे करणे) ni kufanya mdomo uende upande. Kapalala athya ghalne (कपाळाला आठ्या घालणे) ni kutia ndita kwenye paji la uso. Nikizichora zote tatu, ninapata mtu aliyechukia, basi. Kitabu nacho hakisaidii, kwa kuwa mbele ya zote tatu kimeandika jambo lile lile: kuonyesha kutoridhika. Nikizisikia, nazitambua. Nikitaka kusema, mkono unaokota yoyote, na mara nyingi sivyo.

Kilichozitenganisha ni kuacha kuuliza uso ukoje, nikauliza umekutana na nini. Kwa matumizi ya Kaku, pua hupindwa mbele ya kitu kinachoonekana duni: kitambaa cha bei rahisi, chakula cha jana, posa ya familia isiyopendeza. Mdomo huenda upande mtu akipewa kazi asiyoitaka au chakula asichokipenda, na mara nyingi ni mtoto au mkwe. Ndita ni za wakubwa zaidi: baba akisoma barua ya shule, afisa akipokea fomu yenye kasoro. Nimetupa michoro. Upande wa mbele wa kadi sasa una tukio: «Mama mkwe kaletewa sari, kaishika kwa vidole viwili.» Nyuma: nak muradne.

20 Julai: Kihindi kinavyoingia bila hodi

Nilimchukua mwalimu wa saa, rupia 350 kwa saa. Ni mtu mwema na mwenye subira, ila kila nahau aliieleza kwa Kihindi kwa kuwa ndiyo lugha aliyoona tunaelewana. Matokeo yake nikawa na chungu kimoja chenye mapishi mawili. Kihindi husema mtu aliyestaajabu amebana kidole chini ya meno. Kimarathi husema ametia kidole mdomoni, tondat bot ghalne (तोंडात बोट घालणे). Kihindi hukunja pua pamoja na nyusi. Kimarathi kinapinda pua peke yake. Nilipochanganya, watu walinielewa vizuri sana, na hapo ndipo ilipo hatari: anayekuelewa hakusahihishi, anahamia Kihindi kukurahisishia.

Hicho kidole mdomoni kina mtego wa pili kwa sisi. Kwetu anayejiuma kidole anajuta. Kwa hiyo nilisoma hadithi nzima ya kitabu cha shule nikiamini mfalme amejuta kwa alichokifanya, kumbe amestaajabia akili za mwanakijiji. Hadithi ilikuwa imepinduka kichwa chini. Sasa kila nahau inayofanana na ya kwetu naiwekea alama nyekundu kwenye kadi, na hizo ndizo ninazozirudia zaidi kuliko zile ngeni kabisa. Ngeni hukufanya uwe macho. Inayofanana hukupitisha usingizini.

Masomo ya kulipia nimeyasimamisha. Yamekula rupia 2,100. Badala yake nimeomba ruhusa ya kumpa Kaku sentensi moja kila jioni aikosoe, na sharti lake mwenyewe ni kwamba nisitamke neno la Kihindi jikoni mwake.

9 Agosti: Ndita zilizojitia zenyewe

Siku hii ndiyo iliyoubadilisha mradi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mzee wa jirani alikuwa barazani akisoma bili ya umeme bila miwani. Jioni nikampa Kaku sentensi yangu: babu ametia ndita kwenye paji, athya ghatlya. Kaku akaacha kukata kitunguu akauliza, kashala, kwa ajili ya nini? Nani kamuudhi? Nikasema hakuna, alikuwa anasoma tu. Akanirekebisha: आजोबांच्या कपाळावर आठ्या पडल्या, ajobanchya kapalavar athya padlya. Ndita zimeanguka kwenye paji la babu. Zimekuja zenyewe.

Paji ni lile lile na ndita ni zile zile. Ukiweka ghalne, kutia, mwenye uso ameamua kuonyesha, na msikilizaji ana haki ya kuuliza anamwonyesha nani. Ukiweka padne, kuanguka, uso umefanya kazi yake, na mwenyewe huenda hana habari.

Nilirudi chumbani nikamwaga kadi zote sakafuni, nikazigawa mafungu mawili. Fungu la uso wenyewe: chehra padne (चेहरा पडणे), uso kuanguka, wa mtu aliyevunjika moyo au kuaibika, chehra khulne (चेहरा खुलणे), uso kufunguka kwa furaha, athya padne, na dole bharun yene, macho kujaa machozi. Fungu la mwenye uso: nak muradne, tond vakde karne, dole vatarne (डोळे वटारणे), kutoa macho kwa hasira, gal phugavne (गाल फुगवणे), kuvimbisha mashavu kwa kununa, athya ghalne.

Mswahili hahitaji kufundishwa tofauti hii, anayo tangu utotoni. «Amekunja uso» si sawa na «uso umemsawijika». Wa kwanza unaweza kumwambia aukunjue. Wa pili unamwuliza kapatwa na nini. Kwetu kauli ya kutendeka hubeba kazi kubwa hapo. Kwa Kimarathi kazi hiyo hubebwa na kitenzi utakachochagua. Tangu nilipogawa hivyo, kadi nilizokuwa nazisahau kila wiki zimetulia.

Mgawanyo haukamiliki, lazima niseme. Tondat bot ghalne ina kitenzi cha kutia, lakini sijaona mtu wa Pune anayetia kidole mdomoni kwa mshangao. Imebaki ya maneno tu. Nimeiweka pembeni peke yake.

Jambo la pili la wiki hii ni sarufi, na hapa Kiswahili kinasaidia na kinaponza. Kimarathi kina jinsi tatu, za kiume, za kike na zisizo upande. Aliyekulia katika ngeli hababaiki na upatanisho. Lakini sisi tumezoea kitenzi kimfuate mtenda: a-likunja. Katika wakati uliopita wa Kimarathi, kama kitendo kina kitendwa, kitenzi humfuata kitendwa, na mtenda wa nafsi ya tatu hupewa kiambishi -ne. Tyane dole vatarle: vatarle inayafuata macho, kiume wingi. Tyane athya ghatlya: ghatlya inazifuata ndita, kike wingi. Tyane nak muradla: pua, isiyo upande. Ukibadilisha tyane kuwa tine, mwanamke, kitenzi hakitikisiki.

Na kuna mtego wa maandishi. Umbo la kamusi la kitenzi huishia -णे, kwa sauti ya ncha ya ulimi iliyokunjwa nyuma. Kiambishi cha mtenda ni -ने, cha kawaida. Kwa herufi za Kilatini vyote ni «ne». Nilikuwa na kadi za Kilatini ambazo mtenda na kitenzi vilifanana mikia, nikawa nasoma sentensi nikidhani ina vitenzi viwili. Kadi zote zimeandikwa upya kwa Devanagari. Herufi za Kilatini katika shajara hii ni kwa ajili yako msomaji tu, usizinakili.

Tena usinakili umbo la kamusi. Andika sentensi ya wakati uliopita, nomino na kitenzi pamoja, uitamke kama neno moja. Kitabuni ni vakde. Mdomoni mwa watu wa Pune ni vakda.

Kuhusu sauti: aliyezaliwa Mombasa au Lamu atakuwa mbele yangu. Ukitofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi, basi ph ya phugavne na gh ya ghalne hazitakutesa sana. Iliyonitesa ni ळ ya dole na kapal, l ya ulimi uliokunjwa. Niliitafuta kwa kioo, ulimi ukigusa juu, nyuma ya ufizi, kisha ukiangushwa mbele. Ilikuja polepole.

24 Agosti: Mafuta yenyewe

Nilitaka kujua kwa nini mafuta haya na si shubiri au mwarobaini. Duka la dawa waliniuzia kichupa kwa rupia 85. Niligusisha tone ulimini, basi. Ni haluli kali, usiige kwa kijiko, na mbegu zenyewe ni sumu, zisikaribiwe.

Si machungu. Hilo ndilo lililonifundisha. Ni mazito, yana harufu iliyochacha kidogo, na hayaondoki; ulimi unabaki umefunikwa na uso wote unatafuta pa kwenda. Kwa hiyo uso wa erandel si uso wa uchungu wala wa kilio. Ni uso wa mtu aliyelazimishwa jambo, limekwisha kuingia, na anataka kila mtu aone kuwa hakulitaka. Kaku anasema katika utoto wao wakubwa waliwanywesha watoto asubuhi ili kusafisha tumbo, na mtoto alishikwa pua. Nyumba nzima ilijua uso huo kwa kuuona kwa wengi mara moja.

Mbarika si mgeni kwetu. Asili ya mmea huo ni pande za Afrika Mashariki na Ethiopia, na leo India ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko nchi zote, hasa jimbo la Gujarat. Tanzania wengi wanayaita mafuta ya nyonyo na wanapaka nywele, lakini wazee wa pwani wanayajua kama haluli. Nilipomweleza Kaku hivyo alifurahi waziwazi, na chehra yake ilikhulla, yaani ilifunguka; sentensi yangu ya jioni ikawa hiyo, naye hakuigusa.

5 Septemba: Jaribio la kwanza kwa mtu halisi

Ni siku za Ganpati, sikukuu ya mungu Ganesha, zilizoanza 27 Agosti. Nyumba imejaa jamaa. Modak, vitumbua vya unga wa mchele vilivyojazwa nazi na sukari guru na kupikwa kwa mvuke, hutengwa kwanza mbele ya sanamu, na hakuna anayekula kabla ya arati, ibada ya kuzungusha taa mbele ya sanamu hiyo. Mjukuu wa Kaku alijua hilo vizuri sana. Alikaa kizingitini, mikono imefungwa.

Nikamwambia: काय रे, एरंडेल प्यायल्यासारखं तोंड का केलंयस? Kay re, mbona umefanya mdomo wa kama aliyekunywa mafuta ya mbarika?

Akanijibu hapo hapo: मी नाही केलं! Mimi sijafanya!

Mama yake na shangazi zake waliangua kicheko, na mazungumzo yakaendelea kwa Kimarathi mpaka arati. Kipimo kimetimia. Lakini jibu la mtoto ndilo ninalotaka ulishike. Hakubishia mafuta wala uso, alibishia kitenzi. Nahau hii hukaa na karne, kufanya, au karun basne, kufanya na kukaa nao hivyo hivyo. Iko kwenye fungu la mwenye uso. Kumwambia mtu ana uso wa erandel ni kumlaumu, kwamba ameuvaa na angeweza kuuvua. Mtoto wa umri wa shule ya awali amelijua hilo, na anajua pa kujitetea.

Basi usimwambie hivyo aliyefeli mtihani au aliyefiwa. Huyo chehra yake imepadla, imeanguka. Ukichagua padne, umemhurumia; ukichagua karne, umemkemea. Vitabu vyote vitatu nilivyonunua vinaandika mbele ya zote mbili neno lile lile la huzuni.

Angalizo la sarufi: ukitumia chehra, kiume, ni -सारखा, ukitumia tond, isiyo upande, ni -सारखं. Na ni ya kumwambia mdogo wako au rika lako. Dole vatarne nayo hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Sijasikia mtu mzima akisifiwa kwa kumtolea macho mkubwa wake.

28 Septemba: Nahau niliyoifungia

सुतकी चेहरा, sutki chehra, hutumika kwa mtu mwenye uso wa huzuni pasipo msiba. Sutak ni siku za kutengwa baada ya kifo katika familia, ambapo ibada na sherehe husimama. Vijana huisema kwa wepisi, «mbona uso wa sutak?» Kaku aliniomba nisiitumie katika nyumba ya mtu kabla sijajua kama kuna msiba wa karibu. Kwa mgeni, kujua hilo kila mara ni vigumu. Nimeifunga kwenye bahasha ya «kusikia tu». Naona kila anayejifunza lugha ya watu anahitaji bahasha hiyo, na hakuna aibu nahau kubaki humo miaka.

12 Oktoba: Jukwaa halikufaa, tamthilia imefaa

Nilikata tiketi ya rupia 300 ukumbi wa Balgandharva Rangmandir, uliofunguliwa 1968, nikiamini mchezo wa Kimarathi utanipa nyuso tele. Mchezo ulikuwa mzuri, ila kutoka viti vya nyuma sikuona uso wa mtu. Waigizaji wanacheza kwa sauti na mwili ili wa mwisho aelewe. Kwa kazi hii, kaa mbele au usiende.

Kilichofaa ni tamthilia za jioni za runinga, ambazo kamera hukaa usoni mwa mtu muda mrefu sana. Tunazima sauti. Mimi nasema nahau kwa sentensi kamili, Kaku anasema yake, kisha tunawasha tusikie maneno. Tulikotofautiana ni karibu kila mara kwenye fungu: mimi naona uso umeanguka, yeye anaona mwanamke anaigiza kuangushwa. Hapo ndipo ninapojifunza Pune yenyewe. Njia hii haina gharama, na kama huna Kaku, jirani yeyote anayefuatilia tamthilia atakubali.

Zoezi hili limeniongezea moja ya thamani: चेहऱ्यावरची रेषही हलली नाही, hata mstari wa usoni haukutikisika. Husemwa kwa aliyepokea habari nzito akabaki vilevile. Kwa Kaku, kulingana na sauti, inaweza kuwa sifa au shutuma. Sijaitumia bado, naisikiliza.

9 Novemba: Ilipofika

Gharama hadi leo: vitabu rupia 140, kadi 90, mwalimu 2,100, mafuta 85, tiketi 300. Jumla 2,715, kama shilingi elfu 75 hadi 80 za Tanzania. Ningeanza upya leo, ningetumia rupia 230 za vitabu na kadi, na jioni za jikoni.

Fungu la mwenye uso nalitumia bila kufikiri, isipokuwa dole vatarne ambayo naikosea upatanisho nikiwa na haraka. Fungu la uso wenyewe ni gumu zaidi, kwa sababu linataka niwe nimemtazama mtu vya kutosha kabla ya kusema. Athya nazitumia kwa vitenzi vyote viwili, na Kaku haulizi tena kashala.

Hatua inayofuata ni masikio. Nina kan tavkarne (कान टवकारणे), kusimamisha masikio kwa usikivu, na kan upatne (कान उपटणे), kumvuta mtu masikio kwa kumkaripia. Kadi zimeandikwa kwa Devanagari na kwa wakati uliopita tangu mwanzo, na kan ni kiume.